Nimeambiwa mirija imeziba na mayai hayapevuki: je, tuuze kiwanja tulipie matibabu?

Daktari, shikamoo.

Mimi ni mwanamke wa miaka 33, ninaishi Mwanza na nimeolewa miaka minne iliyopita. Mume wangu anafanya kazi mgodini mkoani Geita; hukaa huko kwa zamu ya majuma kadhaa, kisha hurudi nyumbani kwa mapumziko mafupi. Katika mwaka wa pili wa ndoa yetu nilipata ujauzito, ukaharibika ukiwa wa miezi mitatu, nikasafishwa kizazi katika kituo kimoja cha afya. Tangu hapo sijashika mimba tena, ingawa hatutumii njia yoyote ya uzazi wa mpango.

Mwaka jana niliamua kwenda kupima. Katika kliniki ya kwanza walinichukua damu siku ya 21 ya mzunguko, wakaniambia projesteroni yangu ni 1.8 na kwamba maana yake ni mayai yangu hayapevuki. Hapo niongeze kwamba mzunguko wangu haujawahi kuwa wa siku 28. Tangu nikiwa msichana huziona siku zangu kila baada ya siku 34 au 35, bila kuruka mwezi. Siku hizi hedhi yenyewe imekuwa nyepesi, hutoka siku moja au mbili tu, na kwa hilo namshukuru Mungu, kwa sababu kabla ya ule ujauzito ilikuwa ikinitesa kwa siku tano nzima. Kliniki ya pili walinifanyia kipimo cha AMH kikatoka 1.1, nikaelezwa kwamba mayai yamebaki machache na kwamba sina muda. Altrasaundi ilionyesha uvimbe mmoja wa sentimita 2 upande wa nje wa kizazi. Mwisho nikapigwa picha ya mirija, ile HSG, ambayo iliniuma mpaka nikapiga kelele, na majibu yakaandikwa kwamba mirija yote miwili imeziba pale inapoanzia kwenye kizazi.

Sasa kliniki hiyo ya pili wanataka nilipie kwa mkupuo matibabu ya miezi sita: sindano za kupevusha mayai, dawa za kuzibua mirija na upasuaji wa kuondoa uvimbe. Fedha hiyo hatuna, itabidi tuuze kiwanja. Mume wangu yuko tayari kuuza, lakini hayuko tayari kupimwa, kwa kuwa ana mtoto wa miaka tisa aliyempata kabla hajanioa, na anasema yeye hana la kuthibitisha. Mama mkwe naye ameanza kuuliza kama kuna ubaya wowote mwanawe akioa mke wa pili. Wifi yangu, ambaye ananipenda kweli, ananishauri nianze na mtu mwenye mashine ya kushika mkononi inayosoma magonjwa yote ya mwili kwa dakika moja.

Naomba unisaidie kuelewa majibu haya yanasema nini, na kama ni sahihi kuanza matibabu hayo.

Msomaji, Mwanza


Marahaba, binti yangu, na pole kwa ujauzito ulioupoteza, ambao naona katika pilikapilika zote hizi hakuna aliyekuuliza habari zake.

Kiwanja kisiuzwe kwa sasa. Matibabu ya uzazi yana thamani yake na wakati mwingine ni ya gharama kubwa kwa haki kabisa, lakini katika majibu yote uliyoniandikia hakuna hata moja linalotosha kuamua kwamba unahitaji sindano, dawa au kisu. Kipimo chochote cha uzazi hufanywa ili kujibu swali fulani, na vingi kati yake vina siku yake maalumu katika mzunguko. Kikifanywa siku nyingine, au kikiulizwa swali lisilo lake, hutoa namba ambayo ni ya kweli kwenye karatasi na bado ikampotosha anayeisoma. Hilo limekutokea zaidi ya mara moja. Na kuna jambo ulilolitaja kwa kupita tu, tena kwa shukrani, ambalo kwangu ndilo zito kuliko yote. Nitalifikia.

Nianze na projesteroni. Homoni hii hutolewa kwa wingi na ovari baada ya yai kutoka, hufika kileleni karibu wiki moja baadaye, kisha hushuka na hedhi ikaja. Kwa kuwa kipindi cha kuanzia yai kutoka hadi hedhi huwa takriban wiki mbili kwa wanawake wengi, siku ya kupima hupatikana kwa kuhesabu kurudi nyuma: siku saba kabla ya hedhi inayotarajiwa. Kwa mwenye mzunguko wa siku 28, hesabu hiyo huangukia siku ya 21, na ndiyo maana namba 21 imekaririwa katika maabara na kliniki nyingi kana kwamba ni ya kila mwanamke. Wewe mwenye mzunguko wa siku 35, siku ya 21 ndiyo hasa ambayo yai lako hutarajiwa kutoka, kwa hiyo walikupima homoni ya baada ya tukio siku ya tukio lenyewe, au hata kabla yake. Kiwango cha 1.8 siku hiyo hakinishangazi hata kidogo. Rudia kipimo siku ya 28 ya mzunguko wako. Kikivuka nanogramu 3 kwa mililita, yai limetoka. Angalia pia kizio cha kipimo kilichoandikwa pembeni mwa namba, kwa sababu baadhi ya maabara hutumia nanomoli kwa lita, na hapo 3 ile husomeka karibu 10. Hata kabla ya kurudia, mzunguko unaokuja kwa mpangilio miaka yote, bila kuruka, ni ushahidi mzuri kwamba mayai yanapevuka. Mwanamke ambaye mayai yake hayapevuki kwa kawaida hukaa miezi miwili au mitatu bila kuona siku zake, au huziona ovyo ovyo bila kalenda.

Hesabu hiyohiyo inagusa jambo la nyumbani. Siku ambazo mwanamke anaweza kushika mimba katika mzunguko mmoja ni takriban sita, yaani tano kabla ya yai kutoka pamoja na siku yenyewe. Kwako ni kuanzia karibu siku ya 16 hadi ya 21, na kama mlikuwa mkiifuata ile siku ya 14 inayotajwa kila mahali, mmekuwa mkiwahi mno. Halafu kuna zamu za mgodini. Tunapoanza uchunguzi kwa mwanamke aliye chini ya miaka 35, hutaka awe amekaa miezi 12 akikutana na mumewe mara kwa mara bila kinga. Akifika 35 hatungoji zaidi ya miezi sita. Miezi hiyo inahesabiwa kwa watu waliokuwa pamoja. Chukua kalenda, wewe na mume wako, mtie alama siku zenu za rutuba kwa mwaka mzima uliopita, halafu muone ni miezi mingapi alikuwepo nyumbani katika siku hizo. Nimewahi kuona wanandoa waliodhani wametafuta mtoto miaka miwili, na kumbe kwa hesabu hiyo hawakuwa wamefikisha hata nusu mwaka. Kama anaweza kupanga likizo zake zilingane na siku hizo, hiyo ni tiba isiyo na gharama. Vijiti vya mkojo vinavyouzwa famasi kwa ajili ya kutambua homoni ya LH vinaweza kuwasaidia kuhakikisha, kwani huonyesha mstari wa pili siku moja hadi moja na nusu kabla ya yai kutoka.

AMH inazua hofu kubwa kuliko inavyostahili, na hapa nina kijimgogoro na wenzangu wanaoipima kila anayeingia mlangoni. Homoni hii hutolewa na vifuko vidogo vya mayai ndani ya ovari, kwa hiyo hukadiria akiba iliyobaki, na uzuri wake ni kwamba inaweza kupimwa siku yoyote ya mzunguko. Kazi yake halisi ni kumsaidia daktari kukisia ni mayai mangapi yatapatikana iwapo mwanamke atachochewa kwa sindano kwa ajili ya kupandikiza mimba. Haisemi kama mayai hayo ni mazuri, wala haisemi kama utashika mimba mwezi huu kwa njia ya kawaida, kwa sababu kwa njia ya kawaida unahitaji yai moja tu. Kiwango cha 1.1 kwa miaka 33 kiko upande wa chini, na ni sababu ya kutokaa ukipoteza miaka. Lakini hakimaanishi kwamba umekaribia kukoma hedhi. Ukitaka picha kamili zaidi ya akiba hiyo, damu ya kupima FSH na estradioli, homoni zinazohusika na ukuaji wa yai, huchukuliwa siku ya pili hadi ya nne baada ya hedhi kuanza, na vifuko vya mayai huhesabiwa kwa altrasaundi ya njia ya uke katika siku hizohizo za mwanzo.

Uvimbe wa sentimita 2 ulio upande wa nje wa kizazi uache ulipo. Uvimbe unaosumbua uzazi ni ule unaochomoza ndani ya mji wa mimba, au ule mkubwa ulio ndani ya ukuta wake na kuupinda. Wa nje, tena mdogo kiasi hicho, kuukata kunaweza kukuachia makovu yatakayokusumbua kuliko wenyewe.

Sasa picha ya mirija. Nitakaa hapa kidogo, kwa sababu ndiyo iliyotumiwa kukuuzia zile dawa za kuzibua. Katika HSG, mwanamke hulala kwenye meza ya eksirei, chombo cha kupanua uke huwekwa, mpira mwembamba huingizwa kwenye shingo ya kizazi, na dawa inayoonekana kwenye eksirei husukumwa polepole. Kwenye picha, kwanza mji wa mimba hujaa na kuonekana kama pembetatu iliyogeuzwa, kisha kutoka kwenye pembe zake mbili za juu hutokea nyuzi mbili nyembamba ambazo ni mirija, na mwisho dawa humwagika upande wa mbali na kusambaa tumboni. Kipimo hiki hufanywa baada ya hedhi kukauka na kabla yai halijatoka, mara nyingi kati ya siku ya 6 na ya 11, ili kusiwe na uwezekano wa mimba changa ndani; hakifanywi kwa mwenye maambukizi yanayoendelea katika via vya uzazi, na aliyewahi kuugua maambukizi hayo hupewa antibayotiki. Dawa ya maumivu kama ibuprofeni humezwa karibu saa moja kabla. Hukunieleza kama ulipewa, lakini kelele ulizopiga zinanifanya nidhani hukupewa.

Hilo lina uzito kuliko faraja yako peke yake. Pale mrija unapoanzia kwenye pembe ya kizazi umezungukwa na msuli, na msuli huo ukishtuka kwa maumivu, kwa hofu au kwa dawa iliyosukumwa haraka, hujibana na kuufunga mlango. Dawa haipiti, na msomaji wa picha huandika "imeziba". Mirija yote miwili kuziba mwanzoni, kwa mwanamke aliyeumia sana wakati wa kipimo na ambaye aliwahi kushika mimba bila tabu, ni jibu ambalo mimi nisingelikubali bila kulithibitisha kwa njia nyingine. Hali ni tofauti kabisa mrija unapokuwa umeziba upande wa mbali na kujaa maji, kwa sababu huko ni nadra kudanganywa na msuli, na kwa kawaida mrija wa namna hiyo hushughulikiwa kwa upasuaji kabla hata ya kupandikiza mimba. Ama kuhusu dawa za kuzibua mirija, ziwe za vidonge, za mitishamba au za dripu, hakuna inayofungua mrija ulioshikwa na kovu. Na kama haukuwa umeziba bali ulikuwa umejibana tu, basi dawa hiyo itajipatia sifa ya bure, na muuzaji atakuwa na ushuhuda mwingine wa kubandika dukani.

Nimefika kwenye lile jambo. Umeandika kwamba zamani hedhi yako ilikuwa ya siku tano, na tangu usafishwe kizazi imekuwa ya siku moja au mbili, nawe ukafurahia nafuu hiyo. Mzunguko wako haujabadilika, kwa hiyo homoni zinaendelea na ratiba yake. Kilichopungua ni damu, na damu ya hedhi hutoka kwenye utando wa ndani wa mji wa mimba. Utando huo unapokwanguliwa kupita kiasi, hasa baada ya ujauzito wakati kizazi kiko laini, au maambukizi yanapofuata baada ya kusafishwa, kuta za ndani zinaweza kushikana kwa makovu. Daktari Joseph Asherman aliieleza hali hii mwaka 1948, na hadi leo inaitwa kwa jina lake. Makovu yakiwa machache, mwanamke huona hedhi nyepesi. Yakienea, hedhi hukatika kabisa huku maumivu ya mwezi yakiendelea. Mimba ikitungwa hukosa mahali pazuri pa kujishikiza. Na makovu hayo yakikaa kwenye pembe za juu za kizazi, dawa ya HSG haiwezi kuingia kwenye mirija, na majibu yataandikwa vilevile kama yako: imeziba inapoanzia.

Sisemi kwamba ndicho ulicho nacho, kwani hedhi hupungua kwa sababu nyingine pia. Ninachosema ni kwamba dalili hii inafungamana na historia yako na inafungamana na picha yako, na kuna njia nzuri ya kuichunguza. Inaitwa histeroskopi: kamera nyembamba hupitishwa kwenye shingo ya kizazi siku chache baada ya hedhi, na daktari huona kwa macho yake hali ya utando, milango ya mirija, na makovu kama yapo. Yakiwepo, mara nyingi anaweza kuyakata papo hapo, kovu kwa kovu, bila kuchana tumbo. Kama histeroskopi iko mbali nawe, altrasaundi inayofanywa huku maji ya chumvi yaliyotakaswa yakijazwa ndani ya kizazi ni hatua nzuri ya kuanzia, kwa kuwa maji hutenganisha kuta na kuonyesha mahali zilipogandana. Altrasaundi ya kawaida ya juu ya tumbo, ambayo nadhani ndiyo uliyofanyiwa, huyapita makovu haya bila kuyaona. Na mtu yeyote akikushauri usafishwe kizazi tena bila kamera, ili "kutoa uchafu", kataa kwa heshima na uondoke. Kukwangua gizani mahali penye kovu ni kuongeza kovu.

Unaona basi kwa nini sindano za kupevusha mayai zinanitia shaka. Kwa hedhi unayoieleza, mayai yako yana kila dalili ya kupevuka yenyewe, na kuyaongeza hakutasaidia kitu ikiwa mahali pa kupandikizwa ndipo penye tatizo.

Kuna mawili ambayo sijaona mtu akikuuliza, na kwa mkazi wa Kanda ya Ziwa yanapaswa kuulizwa. La kwanza ni kichocho. Kama ulikulia penye malambo au mashamba ya mpunga, ukaoga humo na kukojoa damu utotoni, mayai ya vimelea hivyo yanaweza kukaa kwenye shingo ya kizazi na hata kwenye mirija kwa miaka mingi, yakileta madoa yenye chembechembe kama mchanga ambayo daktari asiyeyafahamu huyachukulia kuwa ni ugonjwa wa zinaa. Mkojo unaweza kuwa safi kabisa na bado kichocho cha via vya uzazi kikawepo, kwa hiyo mwombe daktari aiangalie shingo ya kizazi kwa makini. Dawa yake ni prazikwanteli, nayo inapatikana, ingawa makovu ya zamani haiyafuti. La pili ni kifua kikuu, ambacho licha ya jina lake huweza kujificha kwenye mirija na kwenye utando wa kizazi bila kikohozi chochote na kupunguza hedhi. Kama uliwahi kukiugua au uliishi nyumba moja na mgonjwa wake, sema wakati wa histeroskopi ili kipande kidogo cha utando kichukuliwe na kupelekwa maabara.

Damu ya TSH, kwa ajili ya tezi ya shingo, na ya prolaktini, homoni ya maziwa ya mama, pia haikuchukuliwa. Ni vipimo vya kawaida, na tezi ikilegea huweza kuvuruga homoni nyingine. Prolaktini ichukuliwe asubuhi ukiwa umetulia, na umtajie daktari dawa zote unazotumia, kwa sababu hata metoklopramidi, ile ya kuzuia kutapika, huipandisha.

Mashine ya kushika mkononi mwambie wifi yako ahsante, na uipite. Hakuna kifaa kinachoshikwa kiganjani kinachoweza kuona mrija, yai wala homoni.

Nabaki na mume wako, ambaye kwa mpangilio sahihi ndiye angepaswa kuwa wa kwanza. Wanandoa wanapokosa mtoto, upande wa mwanamume huchangia katika takriban nusu ya visa, ama peke yake ama pamoja na upande wa mke, na kipimo chake hakihitaji sindano, eksirei wala nusukaputi. Kumpigisha mwanamke HSG kabla ya kupima shahawa za mumewe ni desturi niliyoiona mara nyingi mno, na sijapata kusikia sababu yake ya kitabibu. Mtoto wa miaka tisa anathibitisha hali ya baba yake ya miaka kumi iliyopita. Tangu hapo mwanamume anaweza kupata maambukizi, mishipa ya damu ya korodani ikavimba, akafanya kazi penye joto kali, au akatumia sindano za testosteroni za kujenga misuli, ambazo watu wengi hawajui kwamba husimamisha utengenezaji wa mbegu.

Katika mwongozo wa Shirika la Afya Duniani wa mwaka 2021, viwango vya chini vya rejea ni ujazo wa mililita 1.4, mbegu milioni 16 kwa kila mililita, na asilimia 42 ya mbegu zenye kutembea. Sampuli hutolewa baada ya kukaa bila tendo la ndoa kwa siku 2 hadi 7, na hapa zamu za mgodini zinahitaji uangalifu: akishuka kwenye basi na kwenda moja kwa moja maabara baada ya majuma ya upweke, idadi inaweza kuonekana kubwa lakini mwendo wa mbegu ukawa dhaifu. Akirudi, mkutane kwanza kama kawaida, kisha ahesabu siku tatu au nne. Chombo kichukuliwe maabara, kondomu ya kawaida isitumike, na kama anaona haya kutoa sampuli huko, anaweza kuitolea nyumbani mradi ifike maabara ndani ya saa moja ikiwa imehifadhiwa karibu na mwili isipate baridi. Aliyekuwa na homa kali, malaria kwa mfano, asikate tamaa akipata majibu mabaya, kwa sababu mbegu huchukua karibu miezi miwili na nusu kutengenezwa. Arudie baada ya miezi mitatu.

Namna ya kumwambia ni yako, wewe ndiye unayemjua. Mimi ningemwambia kwamba daktari hatasoma majibu ya mke bila ya mume mezani, jambo ambalo ni kweli, na kwamba kipimo kimoja chake cha bei nafuu kinaweza kuwaepusha na gharama aliyo tayari kuilipa. Mwanamume aliye tayari kuuza ardhi kwa ajili ya mtoto wenu hajakataa kushirikiana nawe, anaogopa karatasi. Suala la mke wa pili ni lake kulijibu kwa mama yake, tena mapema na kwa kauli yake mwenyewe, kwani neno la mtoto kwa mamaye lina uzito ambao neno la mkaza mwana halina.

Kwa hiyo, mzunguko unaokuja: shahawa za mume, damu yako ya TSH na prolaktini, na projesteroni siku ya 28. Baada ya hapo histeroskopi, na kama mbegu za mume ni nzuri, muulize daktari kama inawezekana kuiunganisha na laparoskopi katika nusukaputi moja, ambapo kamera hupitishwa kitovuni na rangi ya buluu husukumwa kwenye kizazi ili ionekane kama inatoka mwisho wa mirija. Ukiwa umelala, nafasi ya msuli kujibana hupungua, na katika zamu hiyohiyo ataona kama kuna makovu ya tumbo au endometriosisi, yaani tishu zinazofanana na utando wa kizazi kuota nje yake, mambo ambayo eksirei haionyeshi. Anzia idara ya magonjwa ya wanawake ya hospitali ya rufaa ya kanda hapo Bugando, uulize kama wanaifanya au watakupa rufaa ya wapi.

Siku ya kwenda, usibebe karatasi ya majibu ya HSG peke yake. Karatasi ina sentensi mbili za mtu aliyeitazama picha akitafuta mirija, na bingwa atataka kutazama ule mji wa mimba kabla ya dawa kufika pembeni: kama kingo zake ni laini, au kuna sehemu nyeusi ambazo dawa ilishindwa kuzijaza. Omba filamu yenyewe au sidii yake kutoka kliniki ile ya pili, na uandike juu ya bahasha mwezi uliosafishwa, na hedhi yako ilikuwa ya siku ngapi kabla yake na ni ya siku ngapi sasa.